Haikuwa Mbinu

Binti amekuja kutoka Montgomery na gari lenye ufa kiooni:
Tamsin Okerlund, wakili wa rufani, miaka thelathini na moja.
Nimemkaribisha jikoni. Amekataa chai ya barafu.
Ameweka mezani karatasi ya njano
niliyodhani imeoza zamani pamoja na mengine yangu.

Juu kabisa, kwa penseli, mwandiko wa Lucious Pettway:
"Mama wa duka la kufulia aliniona. Mwite."
Chini yake, kwa wino, mwandiko wangu:
"Betri mbili za tochi. Mbolea ya waridi. Mpigie fundi wa paa."

Fundi nilimpigia.

Miaka kumi na minne. Paa halijavuja.

Anauliza polepole, kama daktari anayebonyeza tumbo.
Ulimtafuta Bi Ernestine Gaillard?
Ulifika pale dukani kwake?
Ni mwendo gani kutoka ofisini kwako?
Nahesabu: kinyozi, benki, duka la chambo, duka la kufulia.
Dakika sita, ukisimama kusalimia watu.

Anasema mama yule yu hai, na anakumbuka vyema:
mashine namba tisa ilimeza sarafu za kijana,
akaifungua kwa bisibisi, wakacheka,
redio ikatangaza saa tatu usiku na habari za mafuriko.
Saa tatu. Ng'ambo ya mto, dakika hiyo hiyo,
muuza pombe alikuwa anaangukia kaunta yake.

Wakili, tunasema, husimamia kesi.
Mimi niliisimamia nikiwa nimekaa.
Siku mbili na nusu. Sikuita shahidi hata mmoja.
Lucious alipotaka kusema, nilimgusa goti chini ya meza:
tulia, kijana, najua ninachofanya.
Akatulia.
Hilo ndilo linalonitafuna. Alinitii.

Nina visingizio. Serikali ililipa kiduchu,
mafaili yalinifika kiunoni,
Lorraine wangu alikuwa kitandani na dripu mkononi.
Yote kweli. Usiku huyapanga foleni,
na kila kimoja kikifika mbele
hunitazama, kikanyamaza.

Jana mwendesha mashtaka alinipigia simu. Mtu mwema;
tumevua samaki pamoja kwenye bwawa la shemeji yake.
Akasema: Wendell, neno moja linatosha.
Mbinu.
Sema uliamua kutomwita. Majaji hawahoji mbinu za wakili.
Utazeeka na jina lako.

Mlango mpana, huo. Wangapi tumeupita!
Ukimsahau shahidi, ni uzembe;
ukisema ulimwacha kusudi, ni busara,
na uzembe ule ule unavishwa joho,
unapewa kiti cha mbele.

Tamsin hanihimizi. Anatazama nje dirishani,
mawaridi yangu, manene, mekundu,
yaliyopata mbolea kwa wakati.

Naandika: "Haikuwa mbinu. Nilisahau."
Kalamu inakatika wino katikati ya neno.
Naipuliza. Namalizia.

Anaikunja hati, ananiambia hilo ni swali la kwanza tu.
La pili watajiuliza majaji wenyewe:
angekuja yule mama, hukumu ingekuwa nyingine?

Siulizwi mimi. Lakini nilikuwemo chumbani mle.
Namkumbuka mmoja wa wale kumi na wawili, safu ya nyuma,
mwanamke wa kiwanda cha kuku, vidole viwili vya bendeji.
Niliposimama kusema, Mheshimiwa, utetezi umefunga,
aligeuka akautazama mlango,
akaendelea kuutazama,
kama mwenyeji aliyeambiwa kuna mgeni yuko njiani.